Mwongozo kamili: kuhariri metadata ndani ya faili za picha za filamu zilizoskaniwa

Faili ya picha iliyotoka kwenye negativu inabeba matukio mawili. La kwanza ni siku shata ilipofunguka mbele ya filamu. La pili ni siku negativu ilipowekwa kwenye skana au mbele ya kamera ya dijitali. Kompyuta inalijua la pili tu. Ndiyo maana ukimwaga skani zako kwenye programu ya albamu, picha za mwaka 1987 zinajipanga katikati ya picha za juzi, na kila moja inadai imepigwa kwa mashine ambayo haikuwepo wakati huo.

Kazi yote ya mwongozo huu ni kuyatenganisha matukio hayo: kila taarifa ikae kwenye tagi yake (nafasi yenye jina ndani ya faili), isimezwe na nyingine. Ukilishika hilo, amri zenyewe ni nyepesi.

Kilichomo ndani ya faili

Metadata, yaani taarifa kuhusu picha zinazobebwa ndani ya faili yake, inakaa katika makundi matatu, na kila kundi lina umri wake. IPTC IIM ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya mashirika ya habari: maelezo ya picha, jina la mpiga picha, mji, maneno ya utafutaji. EXIF ilitoka Japani mwaka 1995, ikatengenezwa kwa ajili ya kamera za dijitali: kasi ya shata, tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kupokea mwanga), tarehe. XMP ililetwa na Adobe mwaka 2001 na ikawa kiwango rasmi cha shirika la viwango la ISO mwaka 2012. Hiyo ndiyo pana kuliko zote, na inaweza kubeba karibu kila kilichomo kwenye mbili za kwanza.

Faili moja inaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja, na yanaweza kupingana. Maelezo ya picha pekee yana makao matatu: ImageDescription kwenye EXIF, Caption-Abstract kwenye IPTC, na Description kwenye XMP. Ukibadilisha moja na kuacha mengine, programu hii itaonyesha maelezo mapya, ile itaonyesha ya zamani, nawe utadhani mabadiliko hayakushika.

Kwa picha za filamu, tagi zinazobeba mzigo mkubwa ni hizi. DateTimeOriginal ni wakati picha ilipopigwa. CreateDate, ambayo vitabu vya kiwango huiita DateTimeDigitized, ni wakati ilipogeuzwa kuwa dijitali. Ndiyo, EXIF tangu zamani ina nafasi mbili tofauti za tarehe kwa ajili ya hali kama yetu. Shida ni kwamba kamera ikitumika kuskani negativu huandika saa ileile kwenye zote mbili. Kisha kuna ModifyDate, wakati faili ilipohaririwa mara ya mwisho. Hiyo iache ijiendeshe.

Kuna tagi nyingine ambayo wengi hawaijui: FileSource. Thamani 1 ni skana ya filamu, 2 ni skana ya picha zilizosafishwa kwenye karatasi, 3 ni kamera ya dijitali. IPTC nayo ina DigitalSourceType, inayotofautisha negativu, slaidi na karatasi. Tagi hizi mbili ndizo zinazomwambia mtu wa baadaye kwamba chanzo cha faili hii ni filamu.

Chombo cha kazi

Nitatumia ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey iliyoanza mwaka 2003. Inafanya kazi Windows, macOS na Linux, inasoma na kuandika aina nyingi mno za faili, na haigusi pikseli za picha unapobadilisha metadata. Haina madirisha ya kubofya; unaandika amri kwenye terminali, dirisha la kompyuta la kuandikia amri. Usiogope hilo. Kwa mkanda wa fremu 36, kubofya ndiko kunakochosha.

Ukiwa Windows, faili utakayopakua inaitwa exiftool(-k).exe. Ibadilishe jina iwe exiftool.exe, na folda ya exiftool_files inayokuja nayo iache ikae kando yake. Jambo la pili la Windows: mahali ambapo amri zangu hapa zina alama moja ya nukuu ('), wewe weka alama mbili ("). Kwenye macOS na Linux ni lazima iwe moja pale amri inapokuwa na alama ya dola, la sivyo terminali itaimeza dola kabla ExifTool haijaiona.

Wanaopenda madirisha wana digiKam na XnView MP, zote ni nzuri kwa maelezo na maneno ya utafutaji. Zinapokwama ni kwenye tagi kama FileSource, au unapotaka kufuta mabaki ya kamera ya kuskani.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili folda nzima mahali pengine. ExifTool yenyewe hubakiza nakala ya kila faili inayoibadilisha, yenye neno _original mwishoni mwa jina, lakini hiyo ni ngazi ya pili ya usalama.

Halafu kuna kanuni ambayo sina msamaha nayo: usibadilishe Make na Model kwenye faili ghafi za kamera. Kama unaskani kwa kamera ya dijitali na lenzi ya makro, unapata faili ghafi (RAW, data ya kamera kabla haijageuzwa picha ya kawaida), na programu za kusafisha picha hutumia jina la kamera kuamua namna ya kuifungua faili na kuzisoma rangi zake. Ukiandika humo kwamba kamera ni Nikon FM2, programu itatafuta kamera ambayo haikuwahi kutoa faili ghafi hata moja. Maliza kwanza kugeuza negativu kuwa picha ya kawaida, toa TIFF au JPEG, kisha hariri metadata kwenye hizo. Faili ghafi ibaki na ukweli wake, maana kweli ilipigwa na ile kamera ya dijitali.

Kuhusu majina ya faili, yape namba ya mkanda na ya fremu: 0147_12.tif ni mkanda 0147, fremu ya 12. Chukua namba ya fremu iliyochapwa ukingoni mwa filamu, hata kama skana ilianza kuhesabu kwake. Siku utakapohitaji kuirudia negativu hiyo kwenye jalada, namba ya ukingoni ndiyo utakayoitafuta kwa macho.

Hatua ya 1: soma kilichomo

Ingia kwenye folda ya mkanda kwa terminali, kisha:

exiftool -a -G1 -s 0147_12.tif

Herufi -a inaonyesha hata tagi zinazojirudia, -G1 inataja kundi la kila tagi, na -s inatoa majina halisi ya tagi, yale utakayoyatumia kuandika. Kwa faili iliyoskaniwa kwa kamera utaona mistari ya namna hii:

[IFD0] Make : Canon
[IFD0] Model : Canon EOS R6
[ExifIFD] ExposureTime : 1/15
[ExifIFD] FNumber : 8.0
[ExifIFD] ISO : 100
[ExifIFD] DateTimeOriginal : 2024:03:09 21:14:52
[ExifIFD] CreateDate : 2024:03:09 21:14:52
[XMP-aux] Lens : …

Kila mstari hapo ni kweli kuhusu kuskani na ni uongo kuhusu picha. Kasi ya 1/15 ni ya taa ya kuskania. Tarehe zote mbili ni za usiku uliokaa mezani na negativu. Mstari wa mwisho nao uangalie kwa makini: programu za Adobe huandika lenzi pia kwenye XMP-aux, kwa hiyo ukibadilisha lenzi kwenye EXIF peke yake, ile ya makro itaendelea kujitokeza mahali pengine.

Skana za mezani zina tabia tofauti. Nyingine huandika jina lake kwenye Make na Model na tarehe kwenye ModifyDate tu. Nyingine haziandiki karibu chochote. Usikisie, soma.

Hatua ya 2: okoa taarifa za kuskani

Wengi hufuta tu taarifa za skana na kuendelea. Mimi naona ni hasara. Miaka kumi ijayo utataka kujua ni skani zipi zilitoka kwenye mashine ya zamani ili uzirudie, na jibu litakuwa limeshapotea. Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la kamera ya filamu juu ya jina la skana, lihamishe:

exiftool '-UserComment<Imeskaniwa kwa $Make $Model, $CreateDate' .

Nukta ya mwisho inamaanisha folda uliyomo. Kama faili haina moja ya tagi zilizotajwa, ExifTool itatoa onyo na haitaandika kitu kwa faili hiyo. Hapo andika maneno mwenyewe:

exiftool -UserComment="Imeskaniwa kwa skana ya mezani, 2024" .

Kama CreateDate haipo kabisa, unaweza kuijaza kutoka tarehe ya faili yenyewe:

exiftool -P '-CreateDate<FileModifyDate' .

Hii ifanye mwanzo kabisa, hata kabla ya UserComment, kwa sababu tarehe ya faili hubadilika kila unapoihariri. Chaguo -P huiambia ExifTool iiache kama ilivyo.

Hatua ya 3: ondoa yasiyo ya filamu

Sasa futa vipimo vya kamera ya kuskani. Tagi yenye alama ya sawasawa isiyofuatwa na kitu inafutwa:

exiftool -ExposureTime= -FNumber= -ISO= -FocalLength= -FocalLengthIn35mmFormat= -ShutterSpeedValue= -ApertureValue= -MeteringMode= -Flash= -LensInfo= -LensModel= -LensSerialNumber= -SerialNumber= -XMP-aux:all= -MakerNotes:all= -gps:all= .

Usishangae kuiona gps hapo. Ukiskani kwa simu, faili inaweza kubeba mahali ulipokaa kuskani, yaani nyumbani kwako, na picha ya harusi ya zamani ikajitia kwenye ramani sebuleni mwako.

Mtu mwenye haraka atauliza kwa nini tusifute yote kwa -all= na kuanza upya. Sababu ni kwamba kwenye JPEG amri hiyo huondoa pia wasifu wa rangi wa ICC, maelezo yanayoiambia programu namna ya kuzisoma rangi, na picha iliyotengenezwa kwenye wigo mpana wa rangi kama Adobe RGB au ProPhoto itaonekana imefifia kila mahali. Tagi ya mwelekeo nayo huenda, na picha za wima zinalala ubavu. Taja unachotaka kufuta.

Kitu kingine kinachojificha ni kijipicha, ile picha ndogo iliyomo ndani ya EXIF. Programu nyingine hugeuza negativu na kusahau kijipicha, kwa hiyo kwenye orodha ya faili unaona mstatili wa rangi ya chungwa ambao ukiufungua unakuwa picha ya kawaida. Baya zaidi, kama ulikata ukingo wa picha kumwondoa mtu, kijipicha cha zamani kinaweza kuwa bado kinamwonyesha. Kichungulie:

exiftool -b -ThumbnailImage 0147_12.jpg > kijipicha.jpg

Kikiwa kibovu, kifute kwa -ThumbnailImage= na programu yako ya albamu itatengeneza chake.

Hatua ya 4: andika ya mkanda mzima

Yale yanayofanana kwa fremu zote yaandike kwa amri moja:

exiftool -Make="Nikon" -Model="FM2" -LensModel="Nikkor 50mm f/1.8" -FocalLength=50 -ISO=400 -FileSource="Film Scanner" -XMP-iptcExt:DigitalSourceType="http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/negativeFilm" -XMP-dc:Source="Mkanda 0147" .

Kwa slaidi, badilisha negativeFilm iwe positiveFilm. Hata nikiskani kwa kamera ya dijitali mimi huweka FileSource kuwa skana ya filamu, kwa sababu kwa kazi ile kamera ilikuwa skana.

Aina ya filamu haina tagi yake kwenye EXIF. Wapo wanaotunga tagi zao za XMP, na ExifTool inaruhusu kupitia faili ya mipangilio, lakini tagi uliyoitunga mwenyewe haitaonekana kwenye programu ya mtu mwingine yeyote. Kwangu njia bora ni ya kawaida: jina la filamu liingie kwenye maneno ya utafutaji, kwa sababu kila programu inayasoma.

exiftool -XMP-dc:Subject+="Kodak Tri-X 400" -XMP-dc:Subject+="filamu" .

Alama ya kujumlisha inaongeza neno bila kufuta yaliyokuwepo. Tahadhari: ukiirudia amri hiyo, neno litaingia mara ya pili.

ISO ina ubishi wake. Tri-X ni filamu ya 400, lakini ukiipima kwa 1600 na kuisukuma stopu mbili maabara (kuisafisha kwa muda mrefu zaidi ili kufidia mwanga mdogo), uandike ipi? Ninaandika 1600 kwenye ISO, kwa kuwa ndiyo iliyotawala kasi ya shata na tundu, na jina la filamu kwenye maneno ya utafutaji tayari linasema 400. Neno moja kwenye maelezo, "imesukumwa stopu 2", linamaliza utata.

Kwa filamu ya 120, ile pana kuliko ya kawaida, kuna FocalLengthIn35mmFormat. Lenzi ya milimita 80 kwenye fremu ya 6×6 inaona takriban kama ya 44 kwenye filamu ya kawaida ya 135. Ukiiacha tupu hakuna kitakachoharibika. Ukiijaza, ijaze sawasawa.

Hatua ya 5: andika ya kila fremu kwa jedwali

Kasi, tundu, tarehe na maelezo hutofautiana fremu kwa fremu. Hapa jedwali la CSV, faili ya maandishi yenye safu zilizotenganishwa kwa mkato, ndilo linalookoa muda. Acha ExifTool ianze kulitengeneza ili njia za faili ziwe sahihi:

exiftool -csv -CreateDate -fileOrder FileName . > 0147.csv

Lifungue kwenye programu ya majedwali. Safu ya kwanza ni SourceFile, usiiguse. Ongeza safu zako, kila moja ikiwa na jina la tagi juu yake. Mwisho wa kazi faili itaonekana hivi:

SourceFile,CreateDate,DateTimeOriginal,ExposureTime,FNumber,XMP-dc:Description
./0147_11.tif,2024:03:09 21:13:40,1987:06:14 10:11:00,1/60,5.6,Bibi na mjukuu mlangoni
./0147_12.tif,2024:03:09 21:14:52,1987:06:14 10:12:00,1/125,8,"Mjukuu peke yake, anacheka"

Maelezo yenye mkato yazungushiwe nukuu, na programu za majedwali hufanya hivyo zenyewe. Zisipoaminika ni kwenye kasi ya shata. Andika 1/60 kwenye seli ya kawaida na programu inaweza kuamua kwamba unamaanisha Januari 1960. 1/30 na 1/15 hupatwa na ajali hiyohiyo, huku 1/125 ikipita salama kwa sababu haifanani na tarehe yoyote. Matokeo yake ni safu ambayo nusu yake ni sahihi na nusu ni takataka, na jicho lililochoka halioni. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu zote na uziweke ziwe maandishi matupu. Ukihifadhi, chagua CSV ya UTF-8. Kisha ifungue kwenye kihariri cha maandishi ya kawaida uhakikishe kilichohifadhiwa ndicho ulichoandika.

Kuirudisha kwenye faili:

exiftool -csv=0147.csv .

Seli tupu haifuti kitu, ExifTool inairuka. Ni faida, kwa sababu unaweza kujaza unachokijua leo na kurudi baadaye.

Je, dakika nimezipata wapi? Sikuzipata. Dakika hapo zinafuata namba ya fremu, ili albamu izipange picha kwa mpangilio wa mkanda. Fremu zote zikiwa na saa moja, programu nyingi zitazipanga zinavyotaka. Kama huna haja ya jedwali, unaweza kuandika DateTimeOriginal moja kwa fremu zote, halafu uisogeze dakika moja kwa kila faili:

exiftool -fileOrder FileName '-DateTimeOriginal+<0:$filesequence:0' .

Iendeshe mara moja tu, maana kila ukiirudia inasogeza tena.

Tarehe usiyoijua

Hapa ndipo kazi inapokuwa ya upelelezi. Mwenye bahati alipiga kwa kamera iliyotunza kumbukumbu: Nikon F6 na Canon EOS-1V huhifadhi vipimo vya kila fremu na unaweza kuvihamishia kwenye kompyuta. Filamu za APS, zilizoingia sokoni mwaka 1996, zina utando wa sumaku unaobeba tarehe. Kamera nyingi za miaka ya nyuma zilichapa tarehe kwenye kona ya picha, ingawa saa yake iliwekwa na binadamu na betri ikiisha ilirudi mwanzo. Ukikuta familia nzima iko Januari mosi, shuku.

Wengine tunasoma dalili. Fremu za karatasi au plastiki zinazoshika slaidi mara nyingi zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka wa kusafishwa, nao hauwezi kutangulia siku ya kupigwa picha. Ukingo wa filamu una jina la filamu, na jina lina mipaka yake: Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935, na maabara ya mwisho kuisafisha, Dwayne's Photo huko Kansas, ilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010. Alama za miraba nyeusi na fedha kwenye kasha la filamu ni msimbo wa DX, ulioanza mwaka 1983. Kasha lililo nazo haliwezi kuwa la 1975. Nyuma ya picha za karatasi kuna wino wa mtu aliyejua.

Baada ya yote hayo unaweza kubaki na "1987" tu. XMP inalikubali hilo:

exiftool -XMP-photoshop:DateCreated=1987 0147_12.tif

Mwaka na mwezi pia inakubali, 1987:06. EXIF, kwa upande wake, inadai tarehe kamili hadi sekunde. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha DateTimeOriginal ikiwa imefutwa, ukweli ubaki kwenye XMP. Ni safi, na kwa jalada la taasisi ningeshauri hiyo, lakini programu nyingi zikikosa DateTimeOriginal huenda kuchukua CreateDate, na picha inarudi 2024. Ya pili ni kuandika 1987:01:01 00:00:00 kwenye EXIF, kuacha XMP ikisema 1987, na kuongeza neno la utafutaji "tarehe ya makadirio". Kwa albamu ya familia natumia ya pili bila kusita. Sharti ni hilo neno la utafutaji. Bila hilo, makadirio yako yanageuka historia.

Tarehe za zamani sana hazina shida kwenye EXIF, kwa kuwa inazihifadhi kama maandishi. 1936 inaandikika kama 2024. Programu chache za albamu ndizo zinazochanganyikiwa na kitu cha kabla ya 1970. Hilo ni tatizo la programu, usiipotoshe faili kwa ajili yake.

Kanuni hiyohiyo ya makadirio iende kwenye vipimo. Kama hukuandika tundu la lenzi wakati wa kupiga, acha FNumber tupu. F/8 ya kubuni haimsaidii mtu.

Maelezo na majina

Kwa maelezo, mwandishi na hakimiliki, andika sehemu zote kwa mpigo. ExifTool ina moduli ya MWG (Metadata Working Group) inayofuata mwongozo wa kulinganisha EXIF, IPTC na XMP:

exiftool -use MWG -MWG:Description="Mjukuu peke yake, anacheka" -MWG:Creator="Jina la mpiga picha" -MWG:Copyright="© 1987 Jina la mwenye haki" 0147_12.tif

Mpiga picha ni aliyebonyeza shata. Aliyeskani si mpiga picha, hata kama ndiye aliyetoa jasho. Jina lake, akitaka, liende kwenye UserComment pamoja na skana. Tagi ya Artist inaweza kuwa tayari na jina la aliyeskani, kwa hiyo ikague.

IPTC ya zamani ina mipaka ya urefu: herufi 32 kwa jina la mpiga picha, 64 kwa neno la utafutaji, 2000 kwa maelezo. Jina refu lenye cheo litakatwa huko, lakini kwenye XMP litabaki zima.

Kagua

Tafuta faili ambazo tarehe ya kupiga bado ni sawa na ya kuskani. Hizo ndizo ulizozisahau:

exiftool -r -if '$DateTimeOriginal eq $CreateDate' -FileName .

Na zisizo na tarehe kabisa:

exiftool -r -if 'not $DateTimeOriginal' -FileName .

Kasoro za muundo zinaonekana kwa:

exiftool -validate -warning -error -a 0147_12.tif

Maonyo madogo kuhusu mpangilio wa tagi ni ya kawaida kwenye faili zilizopita programu nyingi; makosa ndiyo ya kuyashughulikia. Kama unataka ushahidi kwamba pikseli hazikuguswa, linganisha alama ya picha ya faili mpya na ile ya _original:

exiftool -ImageDataHash 0147_12.tif 0147_12.tif_original

Namba mbili zikifanana, picha ni ileile. Usipopendezwa na ulichofanya, -restore_original inarudisha folda nzima ilivyokuwa. Ukiridhika, -delete_original inasafisha nakala, baada ya kukuuliza kwanza.

Fungua faili mbili tatu kwenye programu unayoitumia kila siku. Lightroom na digiKam huweka taarifa kwenye hifadhidata zao, kwa hiyo picha zilizokuwa zimeingizwa tayari zitaonyesha tarehe ya zamani hadi uziamuru zisome upya metadata kutoka kwenye faili. Angalia usibonyeze kinyume chake, kuhifadhi metadata kwenye faili, maana hapo hifadhidata itaandika taarifa za zamani juu ya kazi yako yote. Mitandao mingi ya kijamii nayo huondoa metadata unapopakia, kwa hiyo picha unayoishusha kutoka huko usiihesabu kama nakala.